Kikohozi cha AC

Kila anayepita barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, ananiuliza swali moja: "Mwalimu, Dubai kukoje?" Wengine wanauliza kwa huruma, wengine kwa umbea, na wapo wanaouliza kwa sababu mtoto wao ameshapata pasipoti na wanataka niwaambie kuwa ni kuzuri. Nimechoka kujibu kwa vipandevipande. Nimekaa nimeiandika safari yangu yote, kwenda na kurudi, ili mwenye kutaka kujua asome mwenyewe, aniache nichambue mchele wangu.

Kilichonitoa nyumbani ni simu. Haikuwa simu ya mdogo wangu Athumani. Yeye alikuwa akinipigia kila Ijumaa kwa video, amevaa sare ya ulinzi, kofia kichwani, nyuma yake ukuta mweupe. "Nipo kazini dada, siwezi kuongea sana." Nami nafurahi, mtu mzima najisifu kwa majirani kuwa mdogo wangu analinda jengo refu kule Dubai Marina, jengo ambalo ukitaka kuliona juu lazima ushike mtandio usianguke. Huyo Athumani nimemlea mimi. Mama alipofariki alikuwa bado anatambaa, na mpaka anaanza shule alikuwa akiniita mama mbele za watu, mimi msichana sijaolewa, nikiona aibu mpaka basi.

Simu yenyewe ilitoka kwa mtu nisiyemjua, Mkenya wa Malindi anayeitwa Omari, aliyekuwa akikaa na Athumani chumba kimoja. "Mwalimu, pole kwa kukusumbua," alisema. "Huyu bro hana job, tangu kitambo. Kampuni yao ilinyang'anywa lile jengo, wakaachwa wote. Ile uniform anavaa akikupigia wewe tu. Na sasa ni mgonjwa. Kuja umchukue."

Nikamuuliza anaumwa nini. Akashusha sauti.

"Anakohoa," akasema. "Sisi tunasema ni AC."

Dar es Salaam nilifika kwa basi la asubuhi, na uwanja wa ndege nikaukuta umejaa wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. Wakala wao aliwavalisha mitandio ya rangi moja ili wasimpotee. Mmoja akakaa karibu yangu, akanitazama mvi zangu, akauliza kwa adabu, "Mama, na wewe unakwenda kazi?" Nikamwambia hapana, nakwenda kuchukua mtu. Akaitikia, "Mungu akujaalie," kisha akasogea kiti cha pili. Sikumlaumu. Mtu anayeanza safari hapendi kukaa na anayekwenda kuimaliza ya mwenzake.

Dubai tulitua mchana. Wenzangu mliozoea joto la Tanga msijidanganye, lile ni joto jingine. Ukitoka mlangoni unahisi umefunua chungu cha maharage usoni. Omari alikuja kunipokea. Kumbe ni mtu mwembamba, mpole, muuza duka la simu, na macho yake mekundu kwa usingizi. Akanibebea begi, akanipakia teksi, na njia nzima akawa ananionesha majengo kama vile nimekuja kutembea. Nikamwacha. Niliona anaogopa nikimuuliza la maana.

Al Nahda, wanakokaa Omari na Athumani, ni mtaa wa maghorofa marefu yaliyobanana, nguo zimeanikwa madirishani, chini kuna vioski vya chai na maduka ya vyakula vya kila taifa. Ukivuka barabara umeingia Sharjah, mji mwingine wenye utawala wake. Kwa nje huwezi kudhani kuna dhiki, lifti ina vioo na sakafu inang'aa. Dhiki iko nyuma ya milango. Nyumba ya vyumba viwili inakaliwa na wanaume wa kujaza basi dogo, wamepanga vitanda vya ghorofa mpaka njia ya kupita hakuna, na kila kitanda kimezungushiwa pazia la kanga au shuka ili mtu apate faragha ya kuvaa suruali. Wanalala kwa zamu. Anayefanya kazi usiku akirudi, analala palipoachwa na aliyekwenda kazini asubuhi, godoro bado lina joto la mwenzake.

Nieleze jambo moja hapa, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Watu wa kwetu wanaokaa kule wana utaratibu wao kwa mtu aliyepoteza kazi. Serikali ya kule si yake, na kwao hawezi kurudi mikono mitupu, basi wenzake wanambeba. Wanasema "yuko kwenye sufuria." Wenye kazi wanaleta mchele, unga na samaki; asiye na kazi anapika, anafagia, anafua, na anakula na wote. Hafukuzwi kitandani. Na sharti kubwa ni kwamba haulizwi. Huulizi lini atapata kazi, huulizi karatasi zake zimefikia wapi, huulizi kwa nini amekonda. Kumuuliza ni kumsimanga. Nilipoelezwa nilitokwa na machozi kwa uzuri wake. Nikasema moyoni, kumbe Waswahili bado tupo.

Halafu nikamwona Athumani.

Alikuwa amelala kitanda cha chini, pembeni kabisa. Nilisogeza pazia nikaona mifupa imefunikwa shuka. Alinitambua, akahangaika kuinuka, mkono unapapasa ukutani ilipotundikwa ile sare.

"Dada," akasema, "ungeniambia mapema nikavaa."

Nilikaa chini. Sina maneno ya kueleza nilivyojisikia, kwa hiyo sielezi. Nilimshika mkono nikausikia moto wake, na alipoanza kukohoa alikohoa kwa muda mrefu, akijizibia na kitambaa, na wale wenzake wote wakageuka kutazama kwingine kwa heshima. Adabu tupu! Mmoja akaamka akaleta kikombe cha maji ya tangawizi na asali na habasoda, akakiweka karibu bila neno.

Ndipo nikatazama juu. Pale ukutani, juu ya kitanda chake, tundu la AC lilikuwa limezibwa kwa boksi la maji ya chupa, limebandikwa utepe wa gundi pande zote nne, kazi safi kabisa. Dirisha nalo limefungwa, na nyufa zake zimejazwa taulo.

"Hili boksi la nini?" nikauliza.

"Ni sisi tulimwekea, Mwalimu," akajibu Omari, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Hii AC ndiyo inamkohoza. Huku kila mtu anapata, tunaita kikohozi cha AC. Na window tukafunga juu ya vumbi. Tuko na joto wote, lakini tulisema acha tuvumilie juu yake."

Yaani wale wanaume, wamechoka na kazi, walikubali kupikika ndani ya chumba kile usiku na mchana, miezi kwa miezi, kwa kumhurumia mdogo wangu. Na kumbe hilo ndilo lililokuwa likimmaliza, na wao wenyewe wanavuta pumzi ileile inayozunguka humo. Nimefundisha sayansi darasa la tano maisha yangu yote. Kikohozi cha jinsi ile, na jasho la usiku, na kukonda kule, hata mtoto wa darasa la tano angekitaja. Nilipanda juu ya kitanda, na umri huu, nikalishika lile boksi nikalivuta likang'oka na rangi ya ukuta. Taulo nikatupa, dirisha nikafungua.

"Mama, baridi itamuua!" akapiga kelele mmoja wao.

"Baridi?" nikasema. "Baridi ndiyo iliyomfanya hivi? Nyinyi mna akili kweli? Huyu ana kifua kikuu!"

Hakuna aliyeshtuka. Hapo ndipo nilipoogopa. Walikuwa wanajua, au walikuwa wanashuku, kila mmoja peke yake, chini ya ulimi wake.

Athumani akanivuta nguo. "Dada, sema taratibu." Akanieleza kwa pumzi fupifupi. Kule kila mfanyakazi anapimwa kifua ili apate kibali, na anayekutwa nacho wanasema anapandishwa ndege siku hiyohiyo. Alipoanza kukohoa alikuwa bado ana kazi, akasema atavumilia mpaka amalize mkataba. Kazi ikaisha kabla ya mkataba, na kibali kikaisha nacho. "Sasa nikienda hospitali, watauliza nalala wapi. Wakinipima mimi, watawapima hawa wote. Mwenye nacho atafukuzwa, kazi khalas. Watu wamenilisha, dada. Nitawalipa kwa hilo?"

Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka. Nilimlilia, nilimtukana, nilimkumbusha mama. Athumani ni mpole, lakini akishikilia jambo ni msumari kwenye mnazi. Hakwenda.

Kesho yake Omari akaniambia yupo mtu mmoja tu anayeweza kumwinua, naye yuko Al Mankhool. Ni Bi Zuwena, Mzanzibari wa siku nyingi, aliyekwenda kule akiwa mwari na sasa ana wajukuu wanaozungumza Kiarabu kumshinda. Kila Ijumaa bibi huyu hupika pilau au biriani sufuria zima, analifunika kitambaa cheupe, mwanawe analipeleka Al Nahda kwa wale vijana wasio na kazi. Kwa miaka mingi hajakosa hata Ijumaa moja. Na hajawahi kupanda juu kuwaona wanaokula.

Al Mankhool ni mtaa wa zamani kidogo, hoteli na maduka, na nyumba ya Bi Zuwena inanukia udi tangu kwenye ngazi. Alinipokea kwa kahawa na kaimati, akanikumbatia kama tumezaliwa pamoja. Nilimweleza yote. Akawa anavuta ncha ya buibui lake, anaikunja, anaikunjua.

"Mwanangu, miye sikujua," akasema.

"Hukuuliza, Bi Zuwena."

"Mtu akila kwako humuulizi maradhi yake. Ndivyo tulivyolelewa."

"Ndivyo tulivyolelewa sote," nikamwambia, "na mdogo wangu anakufa na adabu zetu."

Nilijua nimemvunjia heshima mtu mzima, tena nyumbani kwake, kinywani nina kaimati zake. Nilidhani atanifukuza. Akasimama, akamwita mwanawe alete gari.

Ile lifti ya vioo ilipofunguka na Bi Zuwena akatoka kwa mkongojo wake, wanaume wote waliokuwemo chumbani walikimbilia kuvaa mashati. Akaenda moja kwa moja mpaka kitandani, akakaa kwenye godoro lilelile, akamshika Athumani shavu.

"Wewe ndiye unayenirejeshea sufuria limeoshwa vizuri?" akauliza.

"Ndiye mimi, bibi."

"Basi umekula mkono wangu muda wote huu na sijakudai kitu. Leo nadai. Nyanyuka twende."

Athumani akafumba macho. Machozi yakamtoka pembeni. Kwa utaratibu wao wenyewe, mtu wa sufuria hawezi kumkatalia mwenye sufuria. Omari na mwenzake wakambeba, wakamteremsha.

Hospitalini alitupokea daktari Msudani, mama wa makamo, anazungumza Kiingereza cha taratibu nami nikamwelewa. Walimlaza Athumani chumba cha peke yake, wakamwanzishia dawa siku ileile, na kuhusu karatasi zake wakasema hayo yatazungumzwa baadaye. Mimi nikawa namwona kupitia kioo. Nikawa najifunza kusoma midomo yake, na neno alilolirudia mara nyingi lilikuwa "usiwaseme."

Siku moja yule daktari akaniita kando. "Alipoanza kukohoa," akaniuliza, "alikuwa na kazi na kibali?"

"Alikuwa navyo."

"Basi kwa nini hakuja?"

Nikamwambia wanavyoamini, kuwa ukikutwa nacho ni uwanja wa ndege palepale. Akavua miwani akajisugua macho. "Hizo ni habari za zamani. Mwenye kibali kama alivyokuwa yeye tungemtibu hapahapa. Angepata dawa, angepona, na huenda angebaki na kazi yake. Sasa mapafu yameliwa. Dawa zitaua wadudu, lakini mapafu haziyarudishi."

Nilitoka nje, nikamkuta Omari ananingoja juani. Nikamwambia alivyosema daktari. Akakaa ukingoni mwa barabara, magari yanapita, amejishika kichwa.

"Hakuna mtu alituambia hiyo, Mwalimu," akasema. "Hakuna hata mmoja."

Nani awaambie? Aliyepimwa akapona hasemi, anaogopa kunyanyapaliwa. Aliyefukuzwa akirudi kwao anasema mkataba umeisha. Kampuni inabandika matangazo kwa lugha ambazo nusu ya walinzi hawazisomi. Basi uvumi wa zamani unarithishwa pamoja na kitanda.

Kwa anwani tuliyoandikisha hospitalini, watu wa afya walifika kule Al Nahda kuwapima waliobaki. Walimkuta Omari peke yake. Wengine wote walishachukua mabegi yao, wamevuka barabara, wameingia Sharjah kwa marafiki, kwenye vyumba vingine vya namna ileile. Omari alipimwa akakutwa salama. Nilimshukuru Mungu kwa huyo mmoja, na kwa wale wengine nilikosa usingizi.

Wakati huo wote nililala kwa Bi Zuwena. Hakuacha kupika Ijumaa, ila sasa alikuwa anapanda gari analipeleka sufuria mwenyewe, na anauliza. Vijana wa vyumba vingine walianza kumkimbia. Chakula kikawa kinabaki. "Wananiogopa," akaniambia, na alilia mbele yangu, mwanamke wa umri ule.

Tulirudi nyumbani daktari alipotupa karatasi kuwa Athumani hawezi tena kuambukiza mtu, na uhamiaji wakampa ruhusa ya kuondoka. Alipandishwa ndege kwa kiti cha magurudumu, uzito wake kama wa mtoto. Aliomba avae sare yake. Nilimkatalia, kisha nikamvalisha koti la sare tu juu ya kanzu, akaridhika. Dar mpaka Tanga alilala begani kwangu, na tulipofika Segera aliamka akanunuliwa chungwa, akalinusa tu. "Nimerudi mikono mitupu, dada," akasema. Nikamwambia anyamaze. Nilitamani kumwambia neno jema zaidi na sijalipata mpaka leo.

Nyumbani nilimpa chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama mwarobaini wa jirani, na dirisha sikulifunga hata mvua ikinyesha. Alimeza dawa zote, siku zote, hakuruka. Mapafu hayakuwepo ya kuzipokea. Asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji, nikasikia kimya, na kimya kile nilikijua kabla sijaingia. Tukamzika alasiri.

Kwenye hitima, baraza limejaa, mjomba wetu Sufiani alisimama kuwashukuru watu. Akasema kijana alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, na kwamba AC za huko ndizo zilizomharibu kifua. Watu wote wakaitikia, "AC mbaya, AC mbaya." Mama mmoja ambaye mwanawe yuko kulekule akasema, "Hata wangu analalamika nayo."

Nilijua mjomba anatusitiri. Nilijua nikinyamaza tutamaliza shughuli salama. Lakini nilisikia lile boksi linabandikwa tena, safari hii nyumbani kwangu. Nikasimama.

"Mjomba, samahani," nikasema. "Athumani hakufa kwa AC. Amekufa kwa kifua kikuu, kinachotibika, kwa sababu aliogopa kupimwa na sisi tuliompenda tuliona haya kumuuliza. Wenye watoto kule, wapigieni leo, waulizeni wanakohoa."

Mjomba hakunitazama tena. Nilieleza mbele ya watu wote kuwa marehemu alirudi hana tena maambukizi, nikaonesha hata karatasi ya daktari. Wapi! Vikombe vya kahawa viliwekwa chini kimoja kimoja, vimejaa. Baraza likawa tupu kabla ya adhuhuri. Yule mama mwenye mwana kule aliondoka ananitukana, kuwa nimemtabiria mwanawe kifo. Tangu siku hiyo wanaopita wananisalimu kutoka barabarani, wanauliza kuhusu Dubai wamesimama mbali.

Hayo ndiyo niliyojifunza, mliotaka kujua. Huruma tunayo tele, tunaweza kumlisha mtu miaka bila kumsimanga. Neno moja la kumuuliza ndilo linalotushinda.

Jana Omari alinipigia. Tuliongea ya kheri, akaniambia Bi Zuwena ni mzima na wale waliokimbilia Sharjah wameanza kurudi mmoja mmoja, kwa kuwa vitanda huko vimejaa. Nikamuuliza kitanda cha Athumani kama kimepata mtu.

"Kimepata, Mwalimu. Jamaa wenu wa Muheza. Yuko kwenye sufuria."

"Na dirisha?"

Akashusha sauti kama alivyoishusha siku ile ya kwanza.

"Mimi nilikuwa kazini," akasema. "Kurudi nikapata wamerudisha boksi. Wanasema jamaa anasumbuliwa na AC."

Nikamwambia amfuate huyo mtu kitandani ampe simu. Nilisikia pazia likisogezwa, kisha sauti ya kiume, imekwama, inajaribu kuwa changamfu: "Shikamoo mama." Nikamwitikia. Nikamuuliza anakohoa tangu lini. Akasema ni AC tu, mama. Nikamuuliza mkewe anakaa Muheza sehemu gani, akanitajia kwa adabu, maana mtu wa kwetu huwezi kumnyima mama jibu kama hilo.

Basi leo niko Muheza, nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yenye mlango wa buluu, namsubiri mkewe arudi kutoka sokoni. Jirani ameniambia mwanamke huyo hana wasiwasi wowote, mumewe anampigia kila Ijumaa, amevaa sare.